Gari Pana Kuliko Barabara

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sanduku la bati la kijani, aina ile ambayo wanafunzi wa bweni walikuwa wakienda nayo shule. Ndani alilibandika kurasa za magazeti ya Kizungu ili kutu isishike kanga zake. Kurasa zile zilitoka kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge kule Tanga, aliyegawa vitu vyake siku anafungasha kurudi kwao. Wenzake babu waligombania viti na sufuria, babu akarudi nyumbani na robota la magazeti. Bibi hakumsamehe upesi, ila sanduku lilipata bitana.

Ukiinua kifuniko, kabla harufu ya udi haijakufikia, unakutana na gari. Lilikuwa la bluu, limeegeshwa usiku mbele ya hoteli, juu ya mawe yaliyolowa, taa za hoteli zimemwagika chini yake kama mafuta. Nyuma yake bibi na bwana waliovalia wanacheka jambo lao. Hao sikuwa na habari nao. Kilichoninyima raha ni upana. Gari lile lilikuwa pana mno. Nililipima kwa vidole, nikalilinganisha na barabara ya kwetu inayoshuka sokoni, nikaona haliwezi kupita bila kuangusha meza ya mama wa vitumbua. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na herufi nne ndogo: AF VK. AF nikaamua ni Afrika. VK ikanishinda, nikamuuliza bibi.

"Fundi wake huyo," akasema bila kugeuka.

Alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, nachora mabango na maandishi ya magari Dar es Salaam, usiku mmoja umeme umekatika na sina la kufanya zaidi ya kumaliza chaji ya simu. Nikaandika zile herufi nne na jina la gari, Pontiac. AF ni Art Fitzpatrick, VK ni Van Kaufman. Walichora matangazo ya Pontiac kuanzia magari ya 1959 hadi ya 1971, wawili juu ya karatasi moja: Fitzpatrick anachora gari, Kaufman anachora watu, bahari, hoteli na mawe yaliyolowa. Pontiac ya 1959 ilikuwa kweli imeongezewa nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kampuni ikautangaza upana huo mji mzima. Fitzpatrick akauchukua upana wa kiwandani, akauongezea wa kwake. Kwa hiyo yule mtoto wa sanduku vipimo vyake vilikuwa sawa. Gari lilikuwa pana kuliko lenyewe.

Katika kuwafuata hao wawili ndipo nikaangukia michoro ya aina nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike leo. Matangazo yalichorwa ili mimi na wewe tuyaone. Hii mingine ilichorwa aione bosi, kisha itupwe. Ilitoka kwenye studio za usanifu za Detroit, jiji la viwanda vya magari vya Marekani, na vitongoji vyake, na za South Bend, Indiana, walikokuwa kampuni ya magari ya Studebaker, kuanzia miaka ya 1930 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mingi iko kwenye karatasi nyeusi au ya rangi ya udongo, na gari linachomoza gizani kwa mistari michache ya penseli nyeupe: ukingo wa boneti, mgongo wa paa, nusu ya taa. Ubavu mzima unaweza usichorwe kabisa. Jicho lako ndilo linalomalizia kazi, na likishaimalizia linadhani limeona gari zima.

Nakiri jambo moja mapema. Magari yenyewe sina hamu nayo sana. Cadillac ya 1959, ile yenye mapezi marefu nyuma na taa nyekundu zilizochongoka kama risasi, nikiiona kwenye picha, mita 5.7 za bati na kromu, naona kabati la harusi lililopewa magurudumu. Lakini nionyeshe karatasi iliyochorwa miaka miwili mitatu kabla ya gari lile kutoka, chai yangu itapoa.

Nilimwonyesha mjomba. Mjomba ni fundi wa kunyoosha bodi, zaidi ya miaka thelathini chini ya mwembe uleule, na mikono yake inajua umbo la gari kuliko macho ya wengi. Aliishika simu mbali, kama anavyoshika gazeti, akatazama mchoro wa gari jekundu lililolala chini kama mjusi juu ya jiwe la jua.

"Tairi hili litakata kona vipi?"

"Mchoro tu huo, mjomba."

"Naona kwamba ni mchoro. Mimi nauliza tairi."

Alikuwa na haki. Tairi limejaza tundu lake lote, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole, achilia mbali kulipinda. Akaendelea kuhesabu. Kioo cha mbele kimelala hivi kwamba dereva angeona mawingu tu. Paa liko chini kiasi kwamba huyo dereva mwenyewe ingebidi aendeshe akiwa amelala chali. Injini haina pa kukaa. Akarudisha simu, akasema aliyechora hili hajawahi kufungua boneti maishani mwake.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake ndilo tamu. Wale watu walizijua boneti. Wengi walikuwa vijana waliosomea kazi hiyo hasa, katika shule kama Art Center ya Los Angeles na Pratt ya Brooklyn, na wengine walianza wakiwa watoto: kampuni ya Fisher Body ilikuwa na mashindano ya wavulana tangu 1930 mpaka 1968, awali ya kutengeneza kigari cha kifalme cha farasi, baadaye ya kuchonga gari la ndoto zako. Chuck Jordan alishinda mwaka 1947, na mwisho wa safari akawa mkuu wa usanifu wa General Motors yote, kampuni mama ya Pontiac na Cadillac. Watu wa namna hiyo wakichora tairi lisilokata kona, wamekusudia.

Aliyeifanya chumvi hiyo kuwa kazi ya mshahara ni Harley Earl. Alizaliwa Hollywood mwaka 1893, baba yake akitengeneza magari ya farasi na baadaye bodi za motokaa, na kijana akakua akiwaumbia magari waigizaji wa filamu waliotaka kuonekana hata wakiwa wamesimama kwenye foleni. Cadillac wakamwita awape umbo la gari dogo zaidi, LaSalle, lililotoka mwaka 1927. Likauzika. Mwaka huohuo Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, akamfungulia idara yake mwenyewe na kuiita Art and Colour. Wahandisi wakaicheka, wakaipa jina la saluni ya urembo. Walizoea kwamba bodi ni kile kinachobaki baada ya wao kumaliza kupanga injini na ekseli, na sasa anakuja mtu mrefu wa California, suti yake ina rangi ya embe bivu kwa kadiri ninavyoweza kukisia, anawaambia injini ihame kidogo kwa sababu mstari haukai vizuri.

Earl mwenyewe hakuwa mtu wa kushika penseli. Kazi yake ilikuwa kutazama, na kuwafanya wengine wachore mpaka watoke jasho. Mwaka 1954 aliandika kwamba lengo lake kuu kwa miaka 28 limekuwa kulirefusha na kulishusha gari la Kimarekani, wakati mwingine kwa kweli, na sikuzote angalau kwa macho. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Mtu anakuambia waziwazi kwamba pale bati litakaposhindwa, macho yatadanganywa, na anaitaja kama utaalamu wake.

Biashara ilikuwa hivi. Sloan aliona kwamba Wamarekani wengi wanaoweza kununua gari tayari wanalo. Ukitaka mtu auze gari linalotembea vizuri ili anunue jingine, lazima lile la mwaka jana limtie aibu mbele ya jirani. Chini ya bati mambo yangeweza kubaki yaleyale, fremu ileile, injini ileile, lakini kila msimu wa vuli umbo lazima libadilike. Kiwanda kilihitaji wivu mpya kila mwaka, na wivu ule ulianzia kwenye karatasi.

Sasa jiweke mahali pa kijana wa studio. Unachora kutwa. Jioni karatasi zako zinabanwa ukutani pamoja na za wenzako, ukuta mzima, na bosi anapita. Hasimami. Akisimama mbele ya mmoja, huo ndio utakaokuzwa, utachorwa kwa ukubwa kamili wa gari kwenye ukuta mwingine kwa utepe mweusi unaobandikwa na kubanduliwa mpaka mstari utulie, kisha utafinyangwa kwa udongo juu ya mifupa ya mbao. Mingine yote imekufa jioni ileile. Unafikiri utachora tairi la kweli? Utachora tairi litakalomshika bosi shati. Magurudumu yanakuwa makubwa, vioo vinakuwa vyembamba kama macho ya mtu anayecheka, na ukiweka watu pembeni unawachora wadogo kuliko kawaida ili gari lionekane refu zaidi. Mchuuzi wa samaki feri anajua hesabu hiyo, ndiyo maana yule changu mkubwa humkuti chini ya fungu.

Nilijaribu. Nilinunua karatasi nyeusi ya manila, chaki, penseli nyeupe na pamba, nikakaa uani siku ya Jumapili na mchoro mmoja kwenye simu. Kazi yangu ni brashi na herufi, na mstari mrefu naujua: hautoki kwenye kifundo cha mkono, unatoka begani, na ukishauanza huruhusiwi kufikiri. Kwa hiyo ubavu ulikwenda. Nikakwangua chaki kwa wembe ikawa unga, nikauchota kwa pamba na kuupitisha juu ya boneti kwa mkupuo mmoja, na nilipochukua kifutio na kuvuta ule mng'aro katikati ya unga, nitasema bila haya, nilicheka peke yangu. Gari lilikuwa limevimba kutoka kwenye karatasi kama mkate. Wenyewe walikuwa na mbinu nyingi zaidi: kwenye karatasi inayopitisha mwanga walipaka rangi upande wa nyuma, ili mistari ya mbele isichafuke hata kidogo.

Tairi ndilo lililoniaibisha. Tairi ukilitazama kwa upande si duara tena, ni yai, na kila yai kwenye gari lina mlalo wake: la mbele halilingani na la nyuma, na rimu iliyo ndani ya tairi haina mlalo tofauti na wa tairi hata unywele. Wao walikuwa na vibao vya plastiki vilivyokatwa matundu ya mayai ya kila ukubwa. Mimi nilikuwa na kifuniko cha chupa ya maji na mdomo wa glasi. Gari langu lilitoka zuri juu, na chini likaonekana limevunja ekseli na linasubiri breki dauni.

Kisha kromu. Nilidhani kromu ni rangi ya kijivu inayong'aa. Nikapaka kijivu, nikapata bampa la saruji. Ikanichukua wiki mbili kuelewa kwamba kromu haina rangi yake hata kidogo, inakopa. Wachoraji wengi wa wakati ule waliichora kwa kanuni moja: juu bluu ya mbingu, ikififia taratibu kuelekea weupe, halafu ghafla mstari mweusi wa upeo, halafu chini yake hudhurungi ya ardhi. Ukiitazama kwa karibu, kila bampa lina jangwa ndani yake, limelala kwa urefu, na jua lake. Ninapenda kumfikiria kijana wa Michigan mwezi wa pili, theluji dirishani imekuwa nyeusi kwa moshi wa viwanda, anapaka jangwa ndani ya bampa.

Habari ya mapezi inajulikana, nitaipitia haraka. Kabla Marekani haijaingia vitani, Earl aliwapeleka wasanifu wake uwanja wa Selfridge, karibu na Detroit, wakaitazame ndege mpya ya kivita, Lockheed P-38, yenye mikia miwili. Wakaitazama kwa mbali kidogo, wakarudi na mikia ile vichwani. Cadillac ya 1948 ikatoka na vimapezi viwili vya adabu juu ya taa za nyuma. Vingeishia hapo. Lakini huko Chrysler, kampuni pinzani, kulikuwa na msanifu Virgil Exner, na magari yake ya 1957 yalikuwa membamba, yamechongoka, mapezi yameinuka kama papa aliyesikia damu, na Plymouth, mojawapo ya magari hayo, ikajitangaza kwamba ghafla 1960 imeshafika. Inasimuliwa kwamba mwaka 1956 Chuck Jordan alipita kwa gari kando ya uzio wa Chrysler, akayaona yamepangwa nyasini, akarudi studio mbio kuwaita wenzake wakachungulie. Earl alikuwa safarini Ulaya. Walioachwa nyuma wakaanza upya magari ya 1959, na michoro ya miezi ile ina wazimu ambao hutauona tena: kila karatasi inapiga kelele kuliko jirani yake. Ile Cadillac ya kabati la harusi ilizaliwa humo.

Mjomba alipenda sehemu moja tu ya habari hii, kwamba yale magari mazuri ya Exner ya 1957 yaliharakishwa sana kiwandani na yakaanza kuoza kwa kutu mapema. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Puti hiyo," akasema. Sikuwa na moyo wa kumwambia haikuwa puti, ule ujiuji wa kuzibia mabonde ya bodi, ilikuwa bati halisi.

Kinachonikereketa zaidi ni hatima ya karatasi zenyewe. Studio zilifungwa kwa makufuli, na hata ndani ya kampuni moja mtu wa Buick hakuruhusiwa kuzurura kwa watu wa Pontiac. Mchoro ulikuwa mali ya kampuni, na mchoro wa gari ambalo halijatoka ulikuwa siri. Siri ikishapitwa na wakati inakuwa takataka. Kwa hiyo ilichanwa, ilichomwa, ilitupwa kwa rundo. Maelfu ya karatasi, kazi ya mikono iliyokuwa bora duniani kwa fani hiyo. Tuliyonayo leo mengi yametufikia kwa sababu mtu aliiba kazi yake mwenyewe: alikunja karatasi ndani ya bitana ya koti, akaitia kwenye mkoba wenye kitako cha uongo, akampungia mlinzi mkono getini na kwenda nyumbani. Ikakaa juu ya dari, gereji, chini ya kitanda. Wengine walikufa nayo huko, na watoto wao wakaikuta wakitafuta hati ya nyumba. Mwaka 2020 Detroit Institute of Arts, jumba la sanaa la jiji lenyewe, lilifungua maonyesho makubwa ya usanifu wa magari, na michoro ikatundikwa pamoja na magari yenyewe. Ilichukua muda.

Ndiyo maana majina ni machache. Mchoro wa studio ulijulikana kwa jina la bosi, au usijulikane kwa la yeyote. Helene Rother, Mjerumani aliyekuwa amekimbia vita kutoka Ufaransa, aliajiriwa na General Motors mwaka 1943 kusanifu ndani ya magari, viti, vitambaa na vishikio, na mamilioni ya watu wamekaa kazini mwake bila kumjua. Earl baadaye akaongeza wanawake wengine na idara ya matangazo ikawapiga picha sana. Michoro yao haikupigwa picha kiasi hicho.

Na sasa nifike kwa mtu ambaye kwa ajili yake ningeweza kuandika haya yote bila kuwataja wengine.

McKinley Thompson alizaliwa New York mwaka 1922. Siku moja mwaka 1934, akiwa na miaka 12, anatoka shule, akaona barabarani DeSoto Airflow ya rangi ya fedha. Gari lile lilikuwa la ajabu kwa wakati wake, limeviringika mbele kama kokoto ya mtoni, na Wamarekani wengi hawakulipenda. Yeye alisimulia uzeeni kwamba mawingu yalifunguka wakati uleule, jua likaliangukia gari, na tangu hapo akajua atakuwa msanifu wa magari. Mtoto Mweusi, mwaka 1934. Wakati wa vita alifanya kazi ya uchoraji wa kiufundi jeshini. Miaka ya mwanzo ya 1950 akashinda shindano la gazeti moja la magari, zawadi ikiwa masomo Art Center. Mwaka 1956 akaingia Ford, msanifu wa kwanza Mweusi katika kampuni hiyo.

Kuna mchoro wake wa tarehe 24 Julai 1963, pendekezo la gari jipya la njia mbaya ambalo baadaye likaitwa Bronco. Utazame baada ya kutazama wale wanaolala kama mijusi. Gari limesimama. Lina mabega ya mraba, limefika chini kwa miguu minne iliyosogezwa pembeni kabisa, na mbele lina uso wa mtu asiye na haraka. Mng'aro upo, mkono wa shule upo, lakini hakuna anayekuomba uamini jambo lisilowezekana. Nadhani huyu alikuwa ameshaanza kufikiria barabara ambazo si za Marekani.

Kwa sababu katikati ya miaka ya 1960 Thompson alianza kusanifu gari kwa ajili yetu. Sisemi kwa mafumbo. Nchi changa zilizokuwa zinajipatia uhuru, Afrika ikiwemo, zilihitaji usafiri na zilihitaji viwanda, na yeye akaona vyote viwili vinaweza kuingia kwa mlango mmoja: gari jepesi la njia mbaya, bodi yake ya plastiki inayoitwa Royalex, ambayo inapashwa moto na kufinyangwa juu ya kalibu bila zile mashine kubwa za kukandamiza bati zinazogharimu mtaji wa serikali nzima. Kiwanda kidogo kingetosha. Kikishazoea magari, plastiki ileile ingetengeneza mashua, na baadaye hata nyumba. Gari akaliita Warrior.

Ford walimsikiliza, kisha mwaka 1967 wakajitoa. Ni mwaka uleule sisi tunatangaziwa Azimio la Arusha na kufundishwa kuimba kujitegemea. Siku hiyo hakuna aliyejua kwamba Detroit kuna Mmarekani Mweusi mwenye michoro ya gari la kujitegemea mezani kwake. Thompson hakuliacha. Akachanga fedha na marafiki, akatumia injini na mitambo ya Renault ndogo, na mwaka 1969 Warrior moja ikasimama kwa magurudumu yake. Benki hazikutoa mkopo. Walihangaika miaka ya 1970 yote, ikafika 1979 wakafunga. Ilitengenezwa moja tu, na iko katika makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn. Thompson alifariki mwaka 2006.

Nimetafuta kinachoitenga Warrior na magari yote niliyoyataja, na ni kwamba gari lilibaki na uaminifu wa karatasi. Mbavu bapa, pembe butu, mahali pa kukaa panaonekana ni pa kukaa. Fitzpatrick angelichora, sijui angelipanua wapi.

Wiki iliyopita nikapita gereji na picha yake. Mjomba alikuwa ameinama kwenye mlango wa Noah, nyundo mkono mmoja na kipande cha chuma nyuma ya bati kwa mkono mwingine. Akanyoosha mgongo, akashika simu mbali na macho. Akakaa nayo muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

"Hili litakata kona," akasema.

Nikamweleza: plastiki, Afrika, 1969, moja tu.

"Ukiligonga?"

"Wenye mitumbwi ya plastiki hiyo walikuwa wanapasha moto tu palipobonyea, panarudi."

"Panarudi penyewe."

"Ndiyo."

"Bila nyundo. Bila puti, bila msasa."

"Bila."

Akaitazama tena Warrior, mbavu zake bapa, mabega yake. Kisha akanirudishia simu na kuiokota nyundo yake.

"Wamefanya vizuri kutolileta," akasema. "Mimi ningekula wapi?"